Maswali ya Nyumbani: Shajara ya Kliniki ya Watoto, Louisville

Septemba 2025, wiki ya kwanza

Leo tumeruhusiwa kuanza. Kliniki yetu iko kusini mwa Louisville, jimbo la Kentucky, mtaa ambao ukishuka basi la TARC unasikia Kispanyola, Kiarabu na Kiswahili kabla hujasikia Kiingereza. Wazazi wetu wengi wa Kiswahili ni Wakongo wa Kivu Kusini, watu wa Fizi, Baraka na Uvira, waliokaa miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale kabla ya kuletwa huku. Mimi ni mtu wa Kigoma. Nyarugusu iko mkoani kwetu, wilaya ya Kasulu, na tangu ilipofunguliwa mwaka 1996 sisi tumekuwa majirani. Hapa kliniki ni mhudumu wa afya ya jamii, na mara nyingi mkalimani.

Kazi tuliyojitwika ni hii: kila mtoto akija kwa miadi yake ya kawaida, ya miezi miwili, minne, sita, tisa, na kuendelea hadi ile ya kila mwaka, mzazi aulizwe habari za nyumbani zinazogusa afya ya mtoto. Chakula kinatosha? Kodi ya nyumba imelipwa? Umeme umekatwa? Mnafikaje hapa? Nani anakaa na mtoto mama akiwa kazini? Kisha, na hapo ndipo kwenye uzito, akisema shida ipo, tuwe na mahali pa kumpeleka.

Jambo lenyewe si geni Marekani. Boston, daktari wa watoto Arvin Garg na wenzake walitengeneza fomu fupi iitwayo WE CARE, yenye mambo sita: malezi ya mtoto mzazi akiwa kazini, chakula, joto la nyumba, makazi, masomo ya mzazi na ajira. Mwaka 2015 walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo vinane vya afya na akina mama 336. Vituo vilivyouliza na kuelekeza, familia zilipata misaada mipya zaidi kuliko vile vilivyoendelea kama kawaida. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kikashauri wanachama wake waulize kuhusu chakula. Kliniki yetu imekuwa ikiuliza kwa Kiingereza na Kispanyola. Kwa Kiswahili, fomu ilirukwa tu. Mtu wa mapokezi aliandika "lugha" kwenye nafasi ya sababu.

Niandike pia kilichonifanya nisimame kwenye kikao na kuomba kazi hii. Mwaka jana mtoto wa miezi minne alikuja mara tatu haongezeki uzito. Alipimwa damu, alipimwa mkojo, ikaanza kuzungumzwa habari ya kumpeleka kwa bingwa. Mara ya tatu ndipo mimi nilipoitwa kukalimani, na daktari akauliza mama anachanganyaje maziwa ya kopo. Mama akaeleza bila kuficha: kijiko kimoja, maji mara mbili ya yaliyoandikwa, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. WIC, mpango wa serikali wa chakula cha akina mama na watoto wadogo, inatoa maziwa hayo, lakini ni ya kujazia, hayatoshi mtoto asiyenyonya mwezi mzima. Maji mengi kwa mtoto mchanga yanashusha chumvi ya damu, na hatari yake ni degedege. Mama alikuwa anafanya hesabu ya nyumba, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Septemba, wiki ya pili

Tafsiri. Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Kampuni ya kutafsiri ilituletea rasimu yenye kichwa "Uchunguzi wa Mahitaji ya Kijamii". Nimekaa na akina mama sita kwenye ukumbi wa kanisa lao baada ya ibada, nikawasomea kichwa hicho tu, nikawauliza wanakielewaje. Mmoja akasema uchunguzi ni wa polisi. Mwingine akasema ni wa damu, wanataka kujua kama una ukimwi. Kuhusu "mahitaji ya kijamii", bibi mmoja wa Baraka akatulia kidogo, kisha akasema hayo ni michango: harusi, msiba, kusafirisha maiti. Akaniambia michango yake yote amelipa.

Kichwa kimefutwa. Mama mdogo kuliko wote ndiye aliyetupa jina jipya bila kukusudia, alipomweleza mwenzake kwa sauti ya chini: "Anauliza maswali ya nyumbani." Fomu yetu sasa inaitwa Maswali ya Nyumbani.

Ndani kulikuwa na "usalama wa chakula". Wote sita wakaelewa chakula kisichooza, kisicho na sumu. Mama mmoja akaanza kunieleza anavyohifadhi ndagala, yaani dagaa, kwenye friza. Maofisa wa kilimo kwetu husema "uhakika wa chakula", ambayo ni afadhali, ila hakuna mama anayezungumza hivyo jikoni. Tukaliacha neno lenyewe tukabaki na maana: chakula kuisha na hela hakuna.

Septemba, wiki ya tatu

Maswali mawili ya chakula yanastahili ukurasa wao.

Kwa Kiingereza yanaitwa Hunger Vital Sign. Yalichambuliwa mwaka 2010 na Erin Hager na wenzake kutoka dodoso refu la maswali 18 la Wizara ya Kilimo ya Marekani. Walitumia majibu ya familia zaidi ya 30,000 zenye watoto wadogo, wakaona kwamba maswali mawili tu yanazinasa familia 97 katika kila 100 ambazo dodoso refu lingezinasa. La kwanza linauliza kama katika miezi 12 iliyopita mlikuwa na wasiwasi chakula kitaisha kabla ya kupata hela ya kununua kingine. La pili linauliza kama chakula mlichonunua kiliisha kweli na hela ya kuongeza haikuwepo. Mzazi anachagua: kweli mara nyingi, kweli wakati mwingine, si kweli kamwe. Akijibu moja kati ya mawili ya mwanzo kwenye swali lolote, familia imehesabiwa kuwa na shida ya chakula.

Rasimu ilitafsiri jibu la katikati kuwa "mara kwa mara". Nikawauliza akina mama: chakula kikiisha mara kwa mara, ni mara ngapi? Watatu wakasema kila wiki. Wawili wakasema labda mara mbili kwa mwaka. Neno moja, na ndani yake njaa mbili tofauti. Tukajaribu "wakati mwingine", likaenda vizuri kidogo. Likashinda "mara moja moja".

Halafu "kweli". Nilipomsomea bibi wa Baraka, "Niambie kama ni kweli mara nyingi, au kweli mara moja moja," alinitazama akasema, "Binti yangu, mimi sisemi uongo." Alikuwa ameumia. Kwake nilikuwa nimemwambia athibitishe. Sasa tunauliza: "Ilitokea mara nyingi, mara moja moja, au haikutokea hata siku moja?" Yeye mwenyewe alipousikia mpangilio huo akajibu kabla sijamaliza.

Kuna miezi 12 pia. Familia iliyofika Januari, miezi 12 yake inaanzia kambini. Nyarugusu mgao wa chakula ulikuwa unapunguzwa, na watu walijua siku ya mgao kuliko siku za juma. Ukiuliza habari ya mwaka mzima, mama anajibu ya Kasulu, nasi tunaandika ya Kentucky. Nilitaka swali liseme "tangu mfike hapa". Daktari wetu akakataa, na sababu yake nimeikubali baada ya kubishana: ukibadilisha kipimo, hukipimi tena kitu kilekile, na kesho huwezi kusema maswali yamethibitishwa. Tukaelewana hivi: swali linabaki na miezi yake 12, na akijibu ndiyo, naongeza langu la pembeni: "Ni huku au ni kambini?" Jibu hilo linaandikwa kando, halihesabiwi. Lakini mtoto aliyekaa miezi sita kwa nusu ya mgao ana haki daktari ajue, hata kama friji ya leo imejaa.

Mwishoni mwa juma nikasoma habari iliyonisimamisha. Tarehe 20 Septemba Wizara ya Kilimo imetangaza kwamba inaacha uchunguzi wake wa kila mwaka wa njaa majumbani, uleule uliozaa maswali yetu mawili. Nimekaa na rasimu mkononi. Tunaanza kuuliza mwezi ambao wao wanaacha.

Septemba, wiki ya nne

Jaribio na mama kumi na mmoja, siku tatu. Karatasi ya Kiswahili imeshindwa kwa sababu ambayo ningepaswa kuijua: wanne hawasomi, na wawili Kiswahili chao ni cha sokoni, lugha ya nyumbani ni Kibembe au Kinyamulenge. Tableti inayosoma kwa sauti ilipendekezwa. Tumeijaribu. Sauti ya mashine inasema Kiswahili kama mtu anayesoma hati ya mahakama, na mama akiwa na mtoto mgongoni hana mkono wa kubonyeza.

Kwa hiyo mdomo. Ila mdomo una sharti lake. Mara mbili nimekuta mtoto mkubwa yuko chumbani, na mama akijibu anamtazama mtoto, hanitazami mimi. Mmoja alisema hapana kwa maswali yote mawili, akatoka, akarudi peke yake akidai amesahau mtandio. Akaniambia mlangoni, "Yaya, chakula kinaisha. Sikutaka huyu asikie." Yaya, kwao, ni dada mkubwa. Sasa mtoto anapopelekwa kupimwa urefu na uzito, muuguzi anachukua na kaka zake, na mimi nabaki na mama dakika nne. Muuguzi ndiye aliyebuni mpango huu, si kikao.

Kuhusu ukatili wa mume, tumelitoa kabisa kwenye karatasi hii. Fomu nyingine, kama SEEK ya Howard Dubowitz wa Maryland, zina swali hilo, na zina sababu nzuri. Kwetu hatuna bado njia salama ya kuliandika: tangu 2021 mgonjwa anaweza kufungua maandishi ya daktari kwenye simu, na simu nyumbani mara nyingi ni moja, ya baba. Litaulizwa kwa mdomo na daktari mwenyewe, mlango umefungwa, kwa maneno tutakayokubaliana na watu wa makazi ya wanawake.

Oktoba, wiki ya kwanza

Tumeanza rasmi.

Nina kofia mbili, na nimejifunza kuzitangaza. Nikiwa mkalimani sitakiwi kuongeza wala kupunguza neno. Nikiwa mhudumu natakiwa kueleza, kufafanua, kushauri. Mama hawezi kujua nimevaa ipi nisipomwambia. Sasa namwambia mama, na namwambia daktari: "Hapa nakalimani tu," au "Hapa nazungumza mimi."

Neno la kufungulia limetuchukua muda kuliko swali lolote. Kila mama ana hofu moja, kwamba ukisema hapa kwamba watoto wamelala njaa, serikali itawachukua. Wameisikia kambini, wameisikia kanisani, kila mtu anamjua mtu. Siwezi kuwaahidi kwamba hakuna kitakachoripotiwa kamwe, kwa sababu sheria ya Kentucky inamtaka kila mtu aripoti mtoto anapoteswa au kutelekezwa, nami sitadanganya ili nipate jibu. Tunachosema ni hiki: "Mama, maswali haya tunamuuliza kila mzazi, wa rangi zote. Kukosa hela ya chakula si kosa lako. Hujalazimika kujibu. Ukisema kuna shida, nitakuuliza kama unataka tukusaidie, na ukisema hutaki, basi."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Kuwa na shida ni kitu kimoja, kutaka msaada ni kingine. Wiki hii mama wawili walisema chakula kinaisha, na msaada wakakataa. Mmoja alisema dada yake atamsaidia mwisho wa mwezi. Simlazimishi. Naandika yote mawili.

Oktoba, wiki ya pili

Kosa letu. Siku ya Jumatano sikuwepo. Laini ya wakalimani wa simu ilikuwa na foleni, na mtu wa zamu akamwomba kijana wa miaka tisa amkalimanie mama yake. Kanuni za sheria ya bima ya afya, tangu zilipotoka mwaka 2016, zinakataza jambo hilo isipokuwa kwa dharura, na sisi wote tunalijua. Kijana akasoma swali la chakula, akalijibu mwenyewe kwa Kiingereza: "No, we are fine." Hakumuuliza mama hata kidogo.

Nimewapigia jioni nikaongea na mama, nikamwomba radhi. Akasema yule mwanawe ndiye anayempigia mwenye nyumba, ndiye anayesoma barua za shule, ndiye anayejua bili. Kisha akasema, "Ananificha mimi shida zangu mwenyewe." Tumekubaliana kikaoni: mkalimani asipopatikana, fomu inasubiri miadi ijayo au simu yangu. Bora nafasi wazi kuliko jibu la mtoto.

Oktoba, wiki ya nne

Kipande cha WIC, kwa sababu nimekieleza mara nyingi wiki hii hadi nimekariri.

WIC ni ya mjamzito, aliyejifungua, na mtoto hadi atimize miaka mitano. Hawaulizi uhamiaji. Kilichoko kwenye kadi hakivuki mwezi. Fudistampu, yaani hela ya serikali ya kununulia chakula, zikibaki zinaingia mwezi ujao, za WIC zinafutika. Familia tatu walikuwa wanabana vya WIC kama akiba, wanatumia fudistampu kwanza, na kila mwisho wa mwezi mayai, maziwa na maharage yanapotea bila wao kujua. Walidhani wanaibiwa. Nimebadilisha ushauri wetu wote kuwa sentensi moja: tumia WIC kwanza. Jambo lingine: maharage makavu yanaruhusiwa badala ya ya kopo au ya siagi ya karanga. Mama mmoja alikuwa anachukua siagi ya karanga mwezi hadi mwezi, nyumba nzima hawaipendi, kwa kuwa mtu wa kwanza aliyempeleka dukani alimwonyesha rafu hiyo tu.

Kadi inakwenda vizuri. Ninachokiogopa ni barua.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye fudistampu wakimbizi ambao bado hawana grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu. Barua zimeanza kufika kadiri zamu ya kila familia ya kuhakikiwa upya inavyofika. Mama wa pacha, pacha waliozaliwa hapa, ameniletea ya kwake Ijumaa. Nyumba ina watu saba. Sasa wanahesabiwa wawili, hao pacha, kwa sababu ndio raia. Alikuwa ameikunja mara nne. Aliniuliza amefanya kosa gani.

Nimemweleza polepole kwamba hakuna kosa, sheria imebadilika, na fomu ya grini kadi, ile I-485, mkimbizi anaruhusiwa kuipeleka akitimiza mwaka, na haina ada kwake. Na kwamba mkimbizi amesamehewa kisheria kile kipimo cha "mzigo kwa serikali", kinachoweza kumnyima mtu grini kadi akionekana ataitegemea serikali, kwa hiyo kuchukua WIC hakutamharibia karatasi. Akasikiliza yote. Akauliza, "Na hawa watano wale nini Jumatatu?"

Novemba, wiki ya kwanza

Tarehe mosi fudistampu hazikuingia. Serikali kuu imefungwa tangu Oktoba mosi, bajeti haijapitishwa, na safari hii hata raia hawakupata. Simu yangu haikupumzika.

Kikao cha Jumanne kilikuwa kigumu kuliko vyote. Daktari mmoja, mtu ninayemheshimu, alitaka tusimamishe maswali. Hoja yake ina uzito, na Garg mwenyewe na wenzake waliiandika mwaka 2016: kumuuliza mtu shida yake wakati huna pa kumpeleka ni kumtonesha kidonda. Akasema, mwezi huu tuna nini cha kumpa mtu? Orodha ya simu?

Nilisema nilichoamini. Miezi minne ya yule mtoto wa maziwa mepesi haikupotea kwa sababu hatukuwa na kopo la kumpa. Makopo ya sampuli yalikuwa kabatini siku zote tatu. Ilipotea kwa sababu hatukuuliza. Daktari anayejua nyumba haina chakula haandiki dawa ya kunywewa na chakula mara tatu kwa siku. Hampi mama karatasi ya kumweleza lishe bora. Hata bila hela mkononi, jibu linabadilisha matibabu.

Lakini nilikubali nusu ya hoja yake, na kutokana na nusu hiyo tumebadilisha mpangilio: kwanza tunatoa, kisha tunauliza. Kila familia, bila kujali watakalojibu, inapewa karatasi ya sehemu za chakula za wiki hiyo, saa zake, basi gani linafika, na kama wanadai kitambulisho. Anayeficha naye anaondoka na kitu. Namba ya 211, simu ya kuulizia misaada, imo, ila nimeandika kwa Kiswahili maneno ya kusema mtu akipokea: "Swahili interpreter, please." Bila hayo mama anasikia mashine ikimwambia abonyeze moja, anakata.

Sehemu zote nimezipigia mwenyewe. Mbili kati ya zilizokuwa kwenye orodha yetu ya zamani zilikwisha kufungwa, na moja inahitaji gari. Orodha isiyopigiwa simu inamgharimu mama nauli ya basi na heshima yake.

Novemba, wiki ya tatu

Serikali imefunguliwa tarehe 12, fudistampu zimeanza kuingia. Kwa wenye barua, hakuna kilichoingia.

Louisville ina historia yake katika jambo hili, na nimeisoma wiki hii. Mwaka 1969, mkesha wa sikukuu ya Thanksgiving, mtoto wa miaka tisa aitwaye Bobby Ellis alikufa hapa mjini kwa utapiamlo. Mji ulishtuka, na kutokana na kifo hicho ikazaliwa benki ya chakula ya Dare to Care, ambayo mpaka leo ndiyo inayogawia vituo vingi vya chakula vilivyo kwenye karatasi yetu. Nimewasimulia akina mama wakati tukisubiri, kwa Kiswahili. Bibi wa Baraka hakuamini kwamba mtoto anaweza kufa njaa Marekani. Akauliza mama yake aliitwa nani. Sikujua. Akasema atamwombea hata hivyo.

Desemba

Kabati la chakula. Chumba cha zamani cha mafaili kimesafishwa, rafu nne. Mzigo wa kwanza ulikuwa supu za kopo, mahindi matamu na tambi za jibini. Vilikaa. Akina mama walichukua kopo moja kwa adabu.

Nikaandika orodha mpya nikaipeleka kwa wanaotuchangia: unga mweupe wa mahindi, mchele, maharage makavu, mafuta lita moja, chumvi, na hela zikiruhusu, sombe, yaani kisamvu, ya kwenye friza. Mtu mmoja kwenye kikao aliuliza kama hili si kuchagua mno. Nilimjibu kwamba kwa hela ileile, mfuko wa unga unaolisha nyumba ya watu saba siku tatu unashinda makopo ambayo mama atayasukuma nyuma ya kabati. Unga ulipofika, uliisha kwa siku mbili. Tunaweka mfuko usio na jina la kliniki. Ndani ya basi mtu hajui umetoka wapi.

Daktari aliyetaka tusimamishe maswali ndiye aliyeleta mzani wa kugawia maharage.

Bado hatujui kufuatilia. Mama anaelekezwa kwenda mahali, na sisi hatujui kama alifika, alipokelewa, au aligeuzwa mlangoni. Nimeanza kupiga simu kila Alhamisi, wiki mbili baada ya miadi. Maswali matatu tu: ulifika, ulipata, utarudi? Mama mmoja alifika akakuta mlango umefungwa mapema. Mwingine alipata, lakini kuna mtu pale alimsemesha vibaya, na hatarudi. Hilo la pili hakuna fomu inayolinasa. Nimeanza kulipa safu yake kwenye daftari.

Januari 2026, wiki ya kwanza

Kinyamulenge kimeanza kutafsiriwa. Sitakifanya mimi. Nimewaomba mama wawili wa kanisa lile, watalipwa kwa saa kama mkalimani mwingine yeyote. Nilisisitiza hilo la malipo mpaka likapita.

Mama wa pacha amekuja na pacha wake, miezi tisa. Uzito wa mmoja umepanda, wa mwingine umesimama pale pale. Grini kadi wameomba, barua ya kupokelewa imefika, majibu bado. Nilipofika kwenye swali la kwanza la chakula akanishika mkono, akaniambia nisilisome, analijua kwa moyo. Akalisema mwenyewe, miezi 12 na yote, kisha akajibu: mara nyingi. Na msaada? Anautaka.

Daktari amebadilisha tulichopanga kumwambia kuhusu vyakula vya kulikiza. Badala ya karatasi yenye picha za parachichi na samaki, tumekaa naye na kadi yake ya WIC mezani, tukahesabu mayai yaliyobaki mwezi huu, maharage ya kusaga kwenye uji, na siku ngapi. Pacha aliyesimama uzito tunamwona tena baada ya wiki mbili, usafiri wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nimeshaupigia.

Jumanne kuna miadi mitatu ya Kiswahili. Unga umebaki mifuko sita.